Nani anaruhusiwa kufanya nini: kutoka CTSS hadi sera za Ruby

Nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana. Kuna watu wawili watatu walioniandikia barua pepe wakitaka nieleze jinsi ya kupanga ruhusa katika programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Ruby, yaani nani aone nini, nani abadilishe nini, nani afute. Ningeweza kubandika msimbo hapa na kwenda zangu. Lakini kila nikianza kueleza najikuta nikirudi miaka ya sitini, maana karibu kila wazo tunalotumia leo katika Rails lilishafikiriwa na watu waliokuwa wakitumia kadi za matundu. Kwa hiyo leo ni historia. Msimbo upo, ila uko mbele huko. Mwenye haraka ateremke.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kumtambua mtu ni jambo moja: neno la siri, alama ya kidole, ujumbe wa nambari kwenye rununu. Kumruhusu ni jambo jingine. Askari wa mlangoni anayekagua kitambulisho chako anafanya la kwanza. Kama ukishaingia unaweza kufungua kabati la mwekahazina, hilo ni la pili, na ndilo ninalozungumzia. Swali lake ni fupi sana: je, huyu anaruhusiwa kufanya hili juu ya kile?

Mwaka 1961 katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Kabla ya hapo tarakilishi kubwa ilikuwa kama kinu cha kusagia mahindi: unaleta debe lako, unapanga foleni, linasagwa, unaondoka, anaingia mwingine. Hakuna aliyeuliza nani anaruhusiwa kuona nini, kwa sababu kila kazi ilikuwa peke yake na mashine kwa zamu yake. CTSS ilileta ugawanaji wa muda: watu wengi wameketi kwenye teminali zao kwa pamoja, mashine inawahudumia kwa zamu fupi fupi, na baada ya muda faili zao zote zikawa zinalala katika diski moja. Ghafla ukawa na majirani. Na penye majirani panatakiwa komeo.

Komeo lenyewe lilikuwa neno la siri, na halikukaa sana kabla ya kuvunjwa. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamifu, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa nne kwa wiki kwenye mashine na hazikumtosha. Akagundua kwamba unaweza kuomba faili ichapishwe kwa kutuma kadi ya matundu yenye nambari ya akaunti na jina la faili. Basi akaomba faili ya maneno ya siri. Ikachapishwa! Alikaa na siri hiyo kwa karibu miaka ishirini na mitano. Halafu mwaka 1966 kukatokea kisa kingine palepale: wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja, mmoja salamu za siku na mwingine orodha ya maneno ya siri, na programu ya kuhariri ilitumia jina moja la faili ya muda kwa wote wawili. Faili zikabadilishana. Kila aliyeingia akapokewa na maneno ya siri ya watu wote. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hicho katika hotuba yake ya tuzo ya Turing, aliyotunukiwa mwaka 1990.

Ninakipenda hasa kisa cha Scherr kwa sababu hakuvunja mlango. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Alipita kwa printa, ambayo hakuna aliyewahi kuiambia iulize chochote. Ukiwa na programu ya Rails ambayo kurasa zake zote zina ulinzi isipokuwa ule wa kupakua CSV ulioongezwa Ijumaa jioni kwa sababu meneja aliutaka, wewe na CTSS ni ndugu wa damu.

Corbató na wenzake walijifunza. Mfumo uliofuata, Multics, ulioanza mwaka 1965 kwa ushirikiano wa MIT, Bell Labs na General Electric, ulijengwa tangu mwanzo na orodha za ruhusa. Kila sehemu ya data ilibeba orodha yake ikisema nani anaweza kuisoma, kuiandika au kuiendesha. Mtu alitajwa kwa jina lake, mradi wake na alama ya namna alivyoingia, na nyota ilimaanisha yeyote. Kwa mfano wangu mimi:

    rw   Otieno.Mikopo.*
    r    *.Ukaguzi.*

Soma mistari hiyo miwili. Otieno wa mradi wa mikopo anasoma na kuandika; yeyote wa ukaguzi anasoma tu; asiyetajwa hana kitu. Mtu asiyejua kupanga programu anaelewa akielezwa kwa dakika moja. Nasema hivi kwa sababu wengi hudhani usomekaji ni anasa iliyoletwa na vijana wa Ruby. La hasha.

Bell Labs walijitoa katika Multics mwaka 1969, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kutengeneza kitu kidogo zaidi kwenye mashine ndogo. Hicho ndicho Unix. Katika mashine yenye kumbukumbu finyu, orodha ndefu kwa kila faili ilikuwa gharama, hivyo wakaikata ikawa biti chache tu: mwenye faili anaweza nini, na wengine wanaweza nini. Baadaye likaongezwa kundi, tukapata zile biti tisa ambazo kila aliyewahi kutumia Linux amezipigia kelele usiku: `rwxr-x---`. Ni ufupisho wa ajabu, na umedumu zaidi ya nusu karne. Lakini angalia ulichopoteza. Huwezi tena kusema "Otieno na Wanjiru ila si Mutua" bila kuunda kundi jipya na kumtafuta msimamizi.

(Kituko cha pembeni kwa wapenzi wa mambo haya: katika Unix mwenye faili hupimwa kwa biti zake tu, hata kama yumo kwenye kundi. Kwa hiyo faili yenye `---rw----` inasomwa na kundi zima isipokuwa mwenyewe! Ni kweli anaweza kujirudishia ruhusa kwa `chmod`, lakini jaribu uone.)

Sasa nadharia kidogo, nitakwenda haraka, ila kuna moja ambalo sitaliruka. Mwaka 1971 Butler Lampson aliandika makala fupi aliyoiita "Ulinzi", na ndani yake akachora jedwali. Safu za mlalo ni watendaji, safu za wima ni vitu, na katika kila kisanduku unaandika mtendaji huyu anaweza kukifanyia nini kitu hicho. Jedwali zima haliwezi kuhifadhiwa, maana karibu visanduku vyote ni vitupu, hivyo lazima ulikate. Ukilikata kwa wima, kila kitu kinabeba orodha ya wanaoruhusiwa kukigusa, na hapo una orodha za Multics. Ukilikata kwa mlalo, kila mtendaji anatembea na shada la funguo zake. Weka picha hiyo akilini. Nitairudia tukifika kwenye Ruby, na nadhani itawafafanulia ubishi mmoja ambao umekula muda wa watu wengi.

Kwa waliosoma sayansi ya tarakilishi kuna na hili: mwaka 1976 Harrison, Ruzzo na Ullman walithibitisha kwamba ikiwa watendaji wanaweza kuunda vitu vipya na kupeana ruhusa, basi kwa jumla hakuna algorithi inayoweza kukuambia kama ruhusa fulani itakuja kuvuja. Ni tatizo lisiloamulika, sawa na lile la mashine ya Turing kusimama. Mhadhiri wetu alilipitisha kwa dakika kumi na kulipeleka kwenye mtihani. Kwangu mimi maana yake ya kikazi ni kwamba hutapata chombo kitakachokukagulia sheria za aina zote. Mtu itabidi azisome. Na kama mtu atazisoma, basi zisomeke.

Jerome Saltzer na Michael Schroeder, wote wa Multics, walikuwa wameshaligusa hilo mwaka 1975 katika makala yao kuhusu kulinda habari katika mifumo ya tarakilishi. Wanataja kanuni nane. Tatu ndizo ninazozishika kila siku: asiyepewa ruhusa waziwazi amenyimwa, kila ombi likaguliwe, lisiwepo linalopita pembeni, na utaratibu wa ulinzi uwe rahisi kwa binadamu kiasi kwamba autumie sawasawa bila kufikiri sana. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahauliwa, na ukiuliza maoni yangu ndiyo inayobeba zile nyingine mbili.

Miaka hiyohiyo ya sabini jeshi la Marekani lilikuwa na fedha na lilikuwa na siri, kwa hiyo utafiti mwingi ulielekea huko. David Bell na Leonard LaPadula walitoa mfumo wao wa ngazi mwaka 1973: usisome cha juu yako, usiandike cha chini yako. Kwa siri za kijeshi ni sawa. Kwa chama cha akiba na mikopo haufai hata kidogo, na waliolisema hilo vizuri zaidi ni David Clark na David Wilson mwaka 1987. Walisema kwamba katika biashara hofu kubwa si mtu kuona, ni mtu kubadilisha: ulaghai na makosa ya hesabu. Na dawa zake wafanyabiashara walikuwa nazo kabla ya tarakilishi kuzaliwa, katika vitabu vya karatasi: muamala uandikwe kwa utaratibu maalumu, na kazi igawanywe ili anayeomba asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayelipa. Kila mwekahazina wa chama hapa Kenya analijua jambo hili hata kama hajawahi kugusa kipakatalishi.

Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wakaja na nyadhifa: usimpe mtu ruhusa, mpe wadhifa ruhusa, halafu mpe mtu wadhifa. Karani akiondoka unamvua wadhifa tu. Ravi Sandhu na wenzake wakauendeleza mfumo huo mwaka 1996, na mwaka 2004 ukawa kiwango rasmi huko Marekani. Ni wazo zuri na liko kila mahali, lakini lina ugonjwa wake: siku moja unahitaji karani wa tawi la Nakuru asiyeona mikopo ya wafanyakazi, unaunda wadhifa, kesho mwingine wa Kisumu anayeona, unaunda wadhifa, mwisho una nyadhifa nyingi kuliko watu. Wadhifa unajibu "huyu ni nani ofisini". Haujibu "mkopo huu ni wa nani".

Mwaka 2003 shirika la OASIS lilitoa XACML, lugha ya kuandika sera kwa XML. Ilikuwa na uwezo mkubwa. Sentensi moja ya kibinadamu ilichukua ukurasa mzima wa mabano. Nimewahi kuisoma faili moja ya aina hiyo na sitamani kurudia, tuendelee.

Ruby yenyewe ilitolewa kwa umma na Yukihiro Matsumoto mwaka 1995, na David Heinemeier Hansson akatoa Rails mwaka 2004. Rails ya mwanzo haikuja na chochote cha ruhusa. Ilikupa chujio, `before_filter`, msimbo unaotangulia kabla ya kitendo cha kontrola, na mengine ujipange. Basi watu walijipanga, na programu nyingi za miaka ile zilikuwa na mistari kama hii, imetapakaa katika kontrola, katika modeli, na mbaya zaidi katika kurasa zenyewe:

    if mtumiaji.cheo == 3 || mtumiaji.id == 1 ||
       (mkopo.tawi_id == mtumiaji.tawi_id && mtumiaji.cheo > 1)

Cheo cha 3 ni nani? Kwa nini mtumiaji nambari 1 ni mfalme? Aliyeandika ameshahamia kampuni nyingine. Na mstari huohuo uko mahali sita, na katika mahali pa saba una tofauti ndogo ambayo hakuna anayejua kama ni kusudi. Sera ipo, ila haipo mahali popote unapoweza kuinyooshea kidole ukasema "hii hapa".

Mwishoni mwa mwaka 2009 Ryan Bates, yule wa video za Railscasts, alitoa jemu ya CanCan. Sheria zote zikakusanywa katika klasi moja, `Ability`, nayo inasomeka hivi:

    can :soma, Mkopo, tawi_id: mtumiaji.tawi_id
    cannot :idhinisha, Mkopo, mwombaji_id: mtumiaji.id

Watu walifurahi, nami nasema walikuwa na haki ya kufurahi. Ungeweza kufungua faili moja na kusoma. Tatizo lilikuja programu zilipokua: faili hiyo moja ikawa na mistari mamia, na kwa kuwa sheria iliyo chini huishinda iliyo juu, ukisoma mstari wa 40 huwezi kuuamini mpaka umefika wa 400. Bates alipoacha kuishughulikia, jumuiya iliiendeleza kwa jina la CanCanCan kuanzia mwaka 2014, na ipo mpaka leo.

Mwaka 2012 kampuni ndogo ya Uswidi, Elabs, ilitoa Pundit, iliyoandikwa na Jonas Nicklas na wenzake. Pundit karibu haina kitu ndani! Inakwambia uandike klasi ya kawaida ya Ruby kwa kila modeli, na methodi za kawaida zenye alama ya kuuliza mwishoni. Basi. Sasa rudi kwenye jedwali la Lampson. `Ability` ya CanCan inajengwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja na kukusanya kila anachoweza: huo ni mkato wa mlalo. Sera ya Pundit inakaa na kitu kimoja na kusema nani anaweza kukigusa: huo ni mkato wa wima. Wale wanaobishana kila mwaka ni ipi bora wanabishana kuhusu jedwali lilelile la mwaka 1971, kila mmoja ameshika kisu upande wake. Ikiwa swali mnaloulizwa sana ni "karani anaweza kufanya nini?", CanCan itakujibu haraka. Ikiwa ni "nani anaweza kuidhinisha mkopo?", Pundit. Kwenye mambo ya fedha mimi huulizwa la pili kila mara, hivyo natumia Pundit.

Huu hapa msimbo niliowaahidi:

    class MkopoPolicy < ApplicationPolicy
      def ona?
        mwombaji? || mwanakamati? || mkaguzi?
      end

      def idhinisha?
        mkopo.unasubiri? && mwanakamati? && !mwombaji? && !mdhamini?
      end

      def lipa?
        mkopo.umeidhinishwa? && mwekahazina? && !aliyeidhinisha?
      end
    end

Methodi ndogo kama `mdhamini?` ziko chini, kila moja mstari mmoja. Clark na Wilson wamo humo wote wawili. Na katika kontrola kuna mstari mmoja tu, `authorize @mkopo, :idhinisha?`.

Lile neno `!mdhamini?` lina hadithi. Chama fulani kilikuwa kinatengenezewa mfumo, na badala ya kuwapelekea kamati ya usimamizi jedwali la nyadhifa lenye alama za vema, nilichapisha sera hizi kwenye karatasi, kurasa mbili, nikaeleza kwamba `&&` ni "na", `||` ni "au" na alama ya mshangao ni "si". Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Akafika kwenye kuidhinisha akasimama. "Mwanangu, na mdhamini je?" Chumba kikanyamaza. Mwanakamati aliyemdhamini mwombaji ana sababu zote za kutaka mkopo upite, na kanuni za chama zilizoandikwa zilikuwa kimya kabisa kuhusu hilo. Walibishana nusu saa, wakaamua, wakaiandika katika kumbukumbu za mkutano, ndipo mimi nikaongeza neno moja. Hakuna jedwali la alama za vema ambalo lingeonyesha pengo lile, maana lilikuwa katika uhusiano wa mtu na mkopo, si katika wadhifa wake.

Ruby inasaidia sana hapa na ni haki kuipa sifa yake. Methodi inaweza kuishia na alama ya kuuliza, mabano unaweza kuyaacha, na majina yanaweza kuwa ya Kiswahili bila shida yoyote. Ninajua kuna wanaokunja uso wakiona msimbo wa Kiswahili. Mimi sipangi programu nzima kwa Kiswahili, lakini sera ndiyo sehemu inayosomwa na wenye chama, na chama kinaendesha mikutano yake kwa Kiswahili.

Mwaka huohuo wa 2012 ulileta somo jingine, safari hii kwa GitHub yenyewe. Rails wakati huo ilikubali fomu ijaze uga wowote wa modeli isipokuwa umeikataza. Kijana Mrusi, Egor Homakov, alikuwa amewaonya wasimamizi wa Rails kwamba hilo ni hatari na hakusikilizwa alivyotaka. Mwezi Machi alitumia udhaifu huohuo kwenye GitHub, ambayo imeandikwa kwa Rails, akaongeza ufunguo wake kwenye akaunti ya mradi wa Rails na kuweka faili yake humo. Kabla ya hapo alikuwa amefungua taarifa ya hitilafu yenye tarehe ya miaka elfu moja mbele! GitHub waliziba siku hiyohiyo, na Rails 4 ya mwaka 2013 ikageuza mambo: uga usioutaja waziwazi haupokelewi. Kanuni ya Saltzer na Schroeder ilifika Rails baada ya miaka 38. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba kubadilisha mkopo si ruhusa moja. Karani anaweza kurekebisha nambari ya simu ya mwombaji, lakini si kiasi. Pundit ina mahali pa hilo, methodi ya `permitted_attributes`, itumieni.

Msidhani haya ni mambo ya wapenda nadharia. Mwezi Mei 2019 mwandishi Brian Krebs alifichua kwamba kampuni ya bima ya hati za ardhi ya Marekani, First American, ilikuwa imeacha wazi rekodi zipatazo milioni 885: ukiwa na anwani ya hati moja, ulibadilisha nambari kwenye kivinjari ukapata ya mtu mwingine. Hakukuwa na uvamizi wowote wa kitaalamu, ni swali "je, hii ni yake?" ambalo halikuulizwa. Katika orodha ya OWASP ya mwaka 2021 udhaifu wa aina hii ulipanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Nasi hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo ukishika taarifa za wanachama, swali la nani anaziona si la fundi peke yake tena.

Tahadhari moja kuhusu Pundit kabla sijafika mwisho. Kuna `verify_authorized`, ambayo unaiweka itekelezwe baada ya kitendo, nayo inapiga kelele kama ulisahau kuita `authorize`. Watu huichukulia kama ulinzi. Haiko hivyo: inakuja baada ya kitendo, na kama kitendo kilifuta mkopo, umeshafutika. Kazi yake ni kukushtua wewe mpangaji unapojaribu programu yako. Iwekeni, lakini muijue. Ulinzi wenyewe ni ile `ApplicationPolicy` inayotengenezwa mwanzoni, ambayo kila jibu lake ni hapana mpaka useme vinginevyo.

Kuna pia Action Policy ya Vladimir Dementyev, iliyotoka mwaka 2018, inayofanana na Pundit ila inaweza kukuambia kwa nini mtu alikataliwa, jambo ambalo watu wa dawati la msaada watakushukuru nalo. Na Google walichapisha mwaka 2019 maelezo ya mfumo wao Zanzibar, unaohifadhi mahusiano ya mtu na kitu kwa huduma zao nyingi. Huo nitauandikia siku nyingine, jina peke yake linanivuta.

Kilichobaki ni orodha. `ona?` inajibu kuhusu mkopo mmoja, kwa Ruby. Lakini ukurasa wa mikopo yote hauwezi kupakia rekodi laki moja na kuziuliza moja moja. Unahitaji swali la SQL, na Pundit inakupa `Scope` ya kuliandika. Sasa una sheria moja iliyoandikwa mara mbili kwa lugha mbili, na siku moja mtu atabadilisha moja na kuacha nyingine. Sijaona jemu inayoliondoa tatizo hili kabisa kwa sheria za kila aina. Ninachofanya ni jaribio hili, kwa data ya mfano yenye mtumiaji mmoja wa kila namna na mkopo mmoja wa kila hali:

    def test_orodha_na_sera_zinakubaliana
      Mtumiaji.all.each do |m|
        orodha = MkopoPolicy::Scope.new(m, Mkopo).resolve
        Mkopo.all.each do |k|
          assert_equal MkopoPolicy.new(m, k).ona?, orodha.include?(k)
        end
      end
    end

Ni jedwali la Lampson, kisanduku kwa kisanduku. Kwa watumiaji wanane na mikopo ishirini inamaliza chini ya sekunde moja kwenye kipakatalishi changu kikuukuu.